Mlezi wa Bado

Kuna neno moja la Kiswahili ambalo mpaka leo nikilisikia damu inanipanda, nalo ni bado. Neno lenyewe halina kosa. Kosa ni la mtu aliyenilisha neno hilo miaka yote niliyosoma chuo pale Gitega, kabla ya maombi na baada ya maombi, mpaka likanikwama kooni. Tulimwita Mlezi. Jina lake nalijua ila sitalitaja, kwa sababu hata yeye hakulipenda; ukimwita kwa jina aligeuka kutazama nyuma yake, kana kwamba unamwita mtu mwingine. Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, sikuwahi kuuliza. Nilikuwa na mambo mengine ya kumuuliza, na hayo pia hakunijibu.

Kikundi chetu cha wanafunzi Wakristo kilitakiwa kuwa na mtu mzima wa kukiangalia, mwenye kazi yake na anayejulikana kanisani. Huyo ndiye alikuwa Mlezi. Alifundisha hesabu sekondari upande wa Mushasha, katikati ya mapadri na masista, yeye Mprotestanti peke yake katika chumba cha walimu. Jumapili alasiri alishuka kwa miguu hadi kwenye darasa tulilopewa chuoni, na sweta lake la kahawia lenye chaki kwenye viwiko, jua liwake au mvua inyeshe. Alichelewa kila mara. Alitukemea sisi kwa kuchelewa, tena kwa ukali, halafu yeye anafika tukiwa tumeimba nyimbo zote tunazozijua, kwa sababu njiani alimsalimia kila mtu pamoja na mbuzi wake.

Mimi nilizaliwa na kukulia kambini, Tanzania. Wazazi wangu waliporudi Burundi nilikuwa msichana mkubwa, na Kirundi changu kilikuwa cha kuokoteza. Wenzangu waliniita Mtanzania. Kwenye kikundi waliomba kwa Kirundi na Kifaransa, nami nikawa nafumba macho tu, naitikia amina mahali pasipo na amina. Mlezi akaliona hilo. Yeye alikuwa mtu wa Muyinga, na Muyinga Kiswahili ni lugha ya sokoni, watu wanaongea na wafanyabiashara wa Tanzania kila siku. Akanigusa bega.

"We Mtanzania, omba na Kiswahili. Mungu hatafute mukalimani."

Nikaomba kwa Kiswahili, nikalia mbele za watu. Ndiyo maana nasema hivi, ili mtu asidhani namchukia. Siku ile nilimpenda kama baba, na ukishampenda mtu namna hiyo ndipo anapata nafasi ya kukukera vizuri.

Na alinikera kweli. Katika makanisa ya kambini tulifundishwa kushuhudia kwa moto: nilikuwa hivi, nikaokoka, sasa niko hivi, haleluya. Nilikuwa nayo hadithi yangu, nimeinoa, najua wapi watu watashangilia. Jumapili moja nikasimama, nikaitoa yote. Watu wakapiga makofi. Mlezi akasubiri makofi yaishe, akaanza na ile "sawa" yake ya Kifaransa.

"Bon. Iyo ni ya zamani. Ya jana iko wapi?"

"Ya jana?"

"Jana. Jumamosi. Ulifanya nini na Yesu?"

Jamani. "Jana... nilifua nguo."

"Za nani?"

"Zangu."

"Bon. Kaa."

Darasa zima likacheka. Nilikaa uso ukiniwaka moto. Wiki ile nilichukua ndoo nikafua nguo za mwenzangu wa chumbani aliyekuwa anaumwa malaria, shuka, sketi, kila kitu, huku nikimtukana Mlezi kimoyomoyo. Jumapili nikasimama tena kabla hajamwita mtu yeyote, nikamwambia: jana nilifua nguo za mgonjwa.

Akanitazama. "Ulifua na kasirani?"

Ningedanganya, lakini macho yake yalikuwa yananichungulia juu ya miwani. "Ndiyo. Kwa hasira."

"Zilitakata?"

"Zilitakata."

"Bon. Mungu hajakataa."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Unamletea jambo kubwa, anakurudishia dogo. Kijana mmoja alisema Mungu amemwambia aoe dada fulani wa kwaya, Mlezi akamuuliza, "Amekuambia na luga gani?" Kijana akajikanyaga. "Kama ni Kifaransa," Mlezi akasema, "umuulize na yule dada, yeye pia anakijua." Ukimuuliza swali la Biblia anakuuliza kama umekula. Ukimwambia hujala anakemea, eti vijana wa siku hizi mnapenda tumbo, halafu tukipika maharage siku ya sherehe yeye ndiye wa kwanza kufunua sufuria na kuchungulia kama yameiva. Alihubiri uvumilivu, na hakuweza kuvumilia maharage.

Mimi nilitaka kuhubiri. Sioni aibu kulisema. Nilikuwa nahisi maneno yananijaa kifuani, nasoma usiku na mchana, naandaa. Namfuata baada ya ibada: Mlezi, lini utanipa zamu? "Bado." Muhula ukaisha, nikamuuliza tena. "Bado." Bado nini, Mlezi? Nimekosa nini? Niongeze nini? Mtu akikwambia upungufu wako utauziba. Huyu alisema bado na kufunga mdomo, anachukua sweta lake anaondoka, na mimi nabaki na Biblia yangu mkononi nikitamani kumrushia. Siku aliponipa zamu hakuniambia mapema. Alifika, akakaa mbele, akaninyooshea kidole: "Mtanzania, leo." Sikuwa nimeandaa kitu. Nikasema maneno machache ya kweli na kukaa. Yeye akaitikia kwa kichwa, basi. Hata hongera hakusema.

Sasa nimfikie Deo, maana bila Deo yote haya yangekuwa vichekesho tu.

Kikundi chetu kiligawanywa katika familia. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walipofika, wengi hawajawahi kulala nje ya kwao, walipewa Papa na Mama kutoka kwa wanafunzi wa juu, wa kuwaangalia, kuomba nao, kuwauliza kama wamekula. Si mambo ya uchumba, ni malezi. Mimi nilikuwa Mama na Deo alikuwa Papa wa familia yetu. Deo naye alikuwa wa Muyinga, mrefu, mwembamba, kifungua mimba wa kwao, na aliimba. Siwezi kueleza alivyoimba. Mlezi alikuwa anatukemea tukipaza sauti, anasema kelele si Roho, lakini Deo akianza wimbo Mlezi alifumba macho na kugongagonga mguu, tena nje ya mapigo, maskini, hakuwa na sikio kabisa.

Baba yake Deo akafa. Akaenda kuzika, akarudi, na baada ya miezi akaitwa tena nyumbani kwa sherehe ya kuondoa matanga, ile tunayoiita kuganduka. Kwa Warundi siku ile pombe ya ndizi inaletwa, na mtoto mkubwa wa marehemu ananywa kwanza, kisha baba zake wadogo wanafuata, na hapo msiba umefungwa. Asipokunywa, msiba unabaki wazi, na watu wanasema mtoto hajamwachilia baba yake. Deo alishika mrija akanywa.

Hakuna aliyemwona kati yetu sisi tusiogusa pombe. Angenyamaza yangeisha. Lakini alirudi Gitega na Jumapili akasimama mwenyewe, akaeleza. Nadhani alitegemea kwamba mtu atamshika bega. Mlezi, ambaye kwa habari ya pombe hakuwa na mchezo, ambaye alifukuza hata utani wa pombe, akasema, "Deo, asante kwa kusema. Sasa utakaa nyuma."

Kukaa nyuma ilikuwa adhabu yetu, tuliirithi makanisani. Unakaa benchi la mwisho, huimbi mbele, huombi kwa sauti, huongozi chochote. Hufukuzwi, unawekwa pembeni mpaka yule aliyekuweka pale aje akushike mkono, akulete mbele za watu, useme neno moja la kweli, halafu wote wanaimba na mambo yameisha. Kwa kawaida ni majuma machache tu. Nilijua Deo atarudi mbele kabla mvua hazijaisha.

Mvua zikaisha. Deo yuko benchi la nyuma, magoti juu kwa sababu benchi lenyewe lilikuwa la watoto. Nikamfuata Mlezi. Deo lini? "Bado." Jumapili nyingine, Deo lini? "Bado." Deo mwenyewe akamfuata, nilikuwa nimesimama mlangoni, nikasikia.

"Mlezi, mi nimekaa ya kutosha."

"Bado. We unakaa kama mutu iko nangojea bisi. Haujatubu."

"Nitubu nini? Nilizika baba yangu."

"Pombe. Njo ile haujatubu."

Deo akacheka kidogo, kicheko kibaya. Jumapili iliyofuata benchi la nyuma lilikuwa tupu. Nilimtafuta bwenini, nikamkuta anafunga begi; hakuacha chuo siku ile, alihama chumba tu, lakini kwetu hakurudi tena. Wale watoto wetu wa mwaka wa kwanza wakawa wananiuliza, Mama, Papa yuko wapi? Nikawajibu nini? Kulikuwa na msichana mmoja mdogo wa Ngozi aliyeacha kuja kabisa, akisema kama Papa ametupwa yeye atadumu vipi. Nilimbembeleza mpaka akarudi. Wengine hawakurudi. Nilitaka kitu kimoja tu kwa Mlezi: aende kwa Deo, amshike mkono, amrudishe. Ni kutembea kutoka Mushasha hadi bwenini, si mwendo. Hakwenda.

Halafu ikaja Ryansoro, na Ryansoro ndiyo iliyonivunja.

Baba yangu aliporudi kutoka Tanzania alikuta shamba letu Ryansoro lina mzee mwingine juu yake. Mzee yule hakuwa mwizi, tuseme ukweli. Alipewa na wakubwa wa wakati ule wazazi wangu walipokimbia, akalima, akazeesha mgongo wake hapo. Kesi ikazunguka maofisini miaka. Mwisho wazee wa mlima, yaani wa kijiji, wale waamuzi tunaowaita bashingantahe, wakapatanisha: ligawanywe katikati. Siku ya kugawa, kila upande ulete shahidi mwenye heshima. Baba hakuwa na mtu. Ndugu zake wote wako Tanzania au wamekufa. Nikamwambia Mlezi, na kwa mara ya kwanza hakusema bado. Alisema, "Saa ngapi?"

Tulikaa kwenye nyasi, migomba pande zote. Mipaka ikapimwa, vijiti vikachomekwa, kila kitu kikaenda vizuri. Kisha chungu kikaletwa kikawekwa katikati, na mirija. Mzee yule akanywa. Akampa baba mrija. Baba yangu ni mlokole wa kambini, pombe hajaionja tangu nizaliwe. Akasema kwa upole, kwa Kiswahili chake cha Tanzania, "Mzee wangu, mimi nimeokoka. Ninakubali kwa moyo mmoja, ila hii siinywi."

Mzee akauondoa mrija. "Mutu asiyekunywa na mimi, iko na kitu ananiwekea." Akamgeukia mshingantahe mkubwa. "Mi sigawe."

Hakuwa anatania. Kwa watu wa mlimani, anayekataa kunywa chungu kimoja na wewe hajasamehe. Kesho atakuroga au watoto wake watakushtaki. Baba akawa anatoka jasho. Mama akaanza kulia chini kwa chini. Nilimwona baba akiutazama ule mstari wa vijiti, miaka yake yote ya kuongea kuhusu shamba hili kambini, kila jioni, mwembe ule, mfereji ule, sasa liko mbele yake na haliguswi. Wazee wakaanza kuinuka.

Mlezi akapiga magoti kwenye nyasi, na sweta lake. Akaushika mrija.

"Mi ni shahidi ya huyu mutu. Nanywa kwa upande yabo."

Akanywa. Si kulamba, alimeza, tuliona koo likipanda na kushuka. Mzee akamtazama, akacheka, akampigia makofi, na wazee wakakaa chini. Shamba likagawanywa. Mpaka leo nakula mihogo ya shamba lile.

Sasa niambie. Ningesema nini? Mtu ametuokoa. Baba alimkumbatia mpaka miwani ikadondoka. Nami nimesimama pale nikiwa na shukrani na hasira kwa pamoja, sijui nianze na ipi. Tulipokuwa tunarudi kutafuta gari la Gitega, mimi na yeye, nilijizuia njia nzima. Mwisho nikashindwa.

"Mlezi, umekunywa."

"Ego," akaitikia kwa Kirundi.

"Na Deo je?"

Akaendelea kutembea.

"Mlezi, nakuuliza. Deo alikuwa na baba zake wadogo mbele yake, na kaburi la baba yake. Wewe ulikuwa na kesi ya watu wengine. Ni nani kati yenu wa kukaa nyuma?"

"Mi sijue," akasema.

"Hujui?"

"Mi sijue, Mtanzania. Niache."

Hujui! Mtu aliyetuuliza kila Jumapili ya jana iko wapi, yeye ya leo haijui. Nililia garini kwa hasira, sikujali abiria.

Kuanzia hapo akabadilika, na mabadiliko yake yakanikera zaidi. Aliacha kuhubiri. Alifika, tena siku hizi mapema, akakaa benchi la mwisho, magoti juu. Tukimwambia atuongoze maombi anatikisa kichwa: "Bado." Wageni walidhani ni mlinzi wa chuo. Wengine tukasema amezeeka, wengine wakasema amekasirika kwa sababu hatukumnunulia zawadi. Mimi nilisema amechoka na sisi, na nikamwacha hivyohivyo. Nilimaliza chuo, akanipa mkono, akasema "Bon," na huo ndio ulikuwa mwisho. Alipostaafu akarudi kwao Muyinga na mkewe.

Mimi ni mwalimu Ryansoro. Jumapili nakaa na wasichana wa sekondari, na siku moja binti mmoja alisimama kutoa ushuhuda wake mrefu wenye moto, nami nikajisikia nasema, "Hiyo ni ya zamani. Ya jana iko wapi?" Nikajikasirikia mpaka nikacheka. Ukiniuliza imani yangu ilikuaje pale chuoni, nitasema ilikua kwa kukasirishwa. Si hadithi nzuri ya kusimulia kwenye semina, lakini ndiyo niliyo nayo. Na katikati yake kulikuwa na shimo lenye jina la Deo. Nikiomba nafika pale, naruka.

Mwaka huu yule msichana mdogo wa Ngozi, yule niliyembembeleza, akanialika harusini kwake Muyinga, kwa kina bwana harusi. Nilifika Ijumaa, harusi ni kesho, nikaona nina mchana mzima. Nikasema leo huyu mzee atanijibu. Nikauliza njia mpaka kwake, nyuma ya mtaa wa Waislamu ambako mafundi cherehani wanashonea nje. Mkewe akanipokea kwa furaha, akanipa kiti.

"Mlezi yuko?"

"Leo Ijumaa? Iko kwa Deo."

"Deo gani?"

"Deo wenu. Muimbaji. Iko na bare kule barabara ya Tanzania." Akakunja mikono. "Kila Ijumaa, dada yangu, kila Ijumaa anaenda kwa pombe, mutu muzima wa dini. Anakaa mupaka ngombe zinarudi. Hanywe. Hasemi. Anarudi na njaa, anaanza kufunua sufuria yangu. Mi nimechoka. Muchukue, umurudishe Gitega."

Nilikwenda karibu nakimbia. Bare yenyewe ilikuwa chumba cha bluu kando ya barabara, malori yamepangwa nje, madereva wanakunywa barazani na ndani. Ndani nikamwona Deo nyuma ya kaunta. Amenenepa. Aliniona, nikajua amenitambua, lakini aliendelea kufuta glasi. Na kule mwisho, ukutani, kwenye benchi la mbao, sweta la kahawia. Mbele yake chupa ya pombe imefunguliwa, imejaa mpaka juu.

Nikaketi karibu naye. Hakushtuka.

"Mtanzania. Umekula?"

"Mlezi, unafanya nini hapa?"

"Nimekaa nyuma."

"Tangu lini?"

"Tangu Ryansoro." Akavua miwani, akaifuta kwa sweta, ikachafuka zaidi. "Ile pombe, mi sijue kama ilikuwa zambi. Baba yako alipata shamba. Lakini siku ile nilijua kitu kimoja. Deo alikuwa na watu yake mbele, na mi nilikuwa na yule muzee mbele. Ni ileile. Yeye nilimuweka nyuma. Mi nirudi mbele nihubiri? Njo nikakaa."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Si nyiye niliweka nyuma."

"Kwa nini hukumfuata Deo wakati ule, pale Gitega, mlango wake uko pale pale!"

"Nilikuwa na haya." Alisema hivyo tu, mtu mzima na mvi zake. "Nilipofika huku, Ijumaa ya kwanza nilimuambia pale kaunta: Deo, nilikukosea, naomba unisamehe. Hakujibu. Alifungua chupa, akaileta hapa, akaenda. Kila Ijumaa anafungua chupa. Hajanena neno. Bon. Yeye njo anaweza kunishika mukono. Nangojea."

Nilimtazama yeye, nikamtazama Deo anayefuta glasi ambayo ilishatakata zamani, na kitu kikanipanda. Miaka yangu yote imekaa katikati ya wanaume hawa wawili, mmoja hawezi kusema mapema na mwingine hataki kusema kabisa. Wale watoto waliopotea je? Nani aliwauliza wao?

Nikasimama. "Inuka, Mlezi."

"Bado."

"Wewe na bado yako! Inuka!"

Nikamshika mkono. Ulikuwa mwepesi, mifupa mitupu. Nikamvuta tukapita katikati ya meza, madereva wakageuka, mmoja akauliza kama mzee amelewa. Nikamsimamisha kwenye kaunta.

"Deo, mimi ni Mama wa familia, na hujaniondoa. Mtu huyu amekaa nyuma. Nimemleta mbele. Mlezi, sema neno lako."

Nilitegemea aombe msamaha tena. Akashika ukingo wa kaunta. Akasema polepole, "Ya jana. Jana nilipita hapa na mukate. Niliona Deo iko mulangoni. Nikaogopa. Nikavuka barabara, nikapita ngambo ingine."

Madereva wakageuza viti kututazama. Katika utaratibu wetu hapo watu wanaimba, na anayeanzisha ni Deo. Nilimwona anavuta pumzi. Uso wake ulikuwa umeanza kutetemeka karibu na mdomo, akauzuia. Akaiweka glasi chini.

"Bado," akasema. "Rudi ukae."

"Deo!" nikapiga kelele. "Huna huruma wewe?"

Mlezi akaniachia mkono, akageuka, akarudi mwenyewe kwenye benchi lake, na ikabidi nimfuate. Nilikaa. Nilikuwa na maneno ya kumtupia Deo yasiyofaa mtu aliyekuja harusini. Ndipo nikamtazama Mlezi. Alikuwa anatabasamu. Mimi sikuwahi kumwona akitabasamu namna ile, meno yote nje, kama mtu aliyepata habari za kwao.

"Umesikia?" akaninong'oneza. "Amesema bado."

"Nimesikia. Nimechoka na bado zenu."

"Hapana, Mtanzania. Njo neno ya kwanza ananiambia."

Deo akaja na kitambaa. Akaifuta meza, upande wangu na upande wa Mlezi, bila kututazama. Akaichukua ile chupa iliyojaa, akaondoka nayo, na hakuleta nyingine.

Mlezi akaitazama meza tupu kwa muda.

"Ijumaa nitakuja mapema," akasema.